Mlolongo Mfupi

Usinicheke. Mwezi uliopita nilijifungia chooni kwa sababu ya uchaguzi wa mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, hapa ughaibuni, mjini Euless. Mimi, muuguzi niliyezoea damu na vilio vya wodini! Tulikuwa tumekodi ukumbi wa kanisa, chai ya maziwa imekolea tangawizi, watoto wanakimbizana na Kiingereza chao, ndipo katibu akakumbuka kwamba karatasi za kura ameziacha nyumbani kwake Irving, mji wa jirani.

"Acheni ku-waste time, bwana," mhazini akasema. "Watu wapange tu line nyuma ya candidate wao, tuhesabu, twende home."

Watu wakacheka, wakaanza kusogeza viti. Mimi nikaweka kikombe chini, nikaponyoka. Nilikaa chooni mpaka niliposikia makofi ya kumpongeza mshindi.

Ili unielewe, lazima nikurudishe kwenye jimbo letu la uchaguzi kule nyumbani. Lilichorwa na Wazungu, likafuata reli na mashamba ya walowezi, na vijiji vyetu vikamezwa humo kwa kuwa vilikuwa njiani. Historia yake nilifundishwa na nyanya tukipukuchua mahindi jikoni, vidole vikiwaka moto na moshi ukitutoa machozi. Nyanya hakuwa na haja na majina ya wabunge. Wa kwanza alimwita Mzee Kiko, mlowezi aliyechaguliwa na wenzake kwenye klabu yao huku babu akiwashikia farasi nje. Baadaye Waafrika waliruhusiwa kupiga kura, lakini kwanza wenye shule na mali. Babu hakuwa na shule wala mali. Hata hivyo siku hiyo alivaa koti, akaenda kuwatazama wenzake wakiingia.

Baada ya uhuru akaja Bwana Daraja, ambaye daraja lake lilisombwa na mvua ya kwanza, kisha Mheshimiwa Sukari, aliyegawa sukari kila uchaguzi na kupotea mpaka uchaguzi mwingine. "Ya kulamba tu, si ya kuweka akiba," nyanya alikuwa akisema, nasi tulicheka mpaka tukamwaga mahindi. Nilidhani uchaguzi ni sikukuu.

Kisha ukaja mwaka wa mlolongo. Masanduku ya kura yaliwekwa kando, ikaamriwa kila mtu ajipange hadharani nyuma ya picha ya anayemtaka. Mheshimiwa Sukari alikuwa akishindana na mwalimu mkuu mstaafu wa shule yetu, na kijiji kizima kilimpenda mwalimu. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, nasi tuliishi katika nyumba ya serikali nyuma yake, baba akiwa kazini mbali. Chifu alikuja, akanywa chai yetu vikombe viwili, akazipapasa kuta kwa kiganja.

"Nyumba nzuri hii, sista," alimwambia mama kwa upole. "Siku ya kupanga foleni tutaona mgongo wako uko wapi."

Upole ule ndio ulionitisha. Usiku niliota tumekaa barabarani juu ya masanduku yetu. Nyanya, aliyekuwa hodari wa mzaha, safari hii hakutania. "Mwenye nguvu mpishe," alimwambia mama, akarudi kwenye mahindi yake.

Siku yenyewe mama alinishika kifundo cha mkono mpaka kikauma. Uwanja wa shule ulinuka vumbi na mandazi ya moto, lakini hakuna aliyekuwa akila. Mlolongo wa mwalimu ulikuwa umezunguka goli na kufika vyooni. Wa Mheshimiwa ulikuwa wa kina chifu, askari wake, makarani na jamaa zao. Katikati ya ule mrefu alisimama jirani yetu, ambaye mama aliwahi kumzalisha mapacha katika usiku mbaya, na tangu hapo hakukosa kutuletea maziwa asubuhi. Alisogea nyuma kidogo, akatufungulia pengo.

"Sista, njoo. Nimekushikia nafasi."

Mama alimtazama, akamtazama chifu. Kisha akanivuta tukavuka uwanja ule mtupu, watu wote wakitutazama, tukasimama kwenye mlolongo mfupi. Niliogopa kulia, niliogopa hata kukohoa. Nilitazama viatu vyangu mpaka hesabu ikaisha na msimamizi akatangaza kwamba mlolongo mfupi ndio mrefu. Hakuna aliyepiga kelele. Askari walikuwa na bunduki.

Nyumba haikuchukuliwa. Ila asubuhi iliyofuata mlangoni hapakuwa na maziwa, wala iliyofuata. Tulikunywa chai ya rangi, na mama akaanza kufunga mapazia mchana.

Jimbo lile leo halipo. Lilikatwa vipande, kila kipande kikapewa jina lake. Binti yangu alilitafuta kwenye simu akaniambia, "Mum, it's not there." Nyanya hayupo, na sijui kama kuna mtoto anayejua tena kwamba palikuwa na Mzee Kiko. Nakumbuka kile kicheko cha jikoni.

Mama sasa anaishi na kaka yangu mtaa wa Gulfton, kule Houston. Jumapili baada ya uchaguzi wetu nilimpigia simu nikamuuliza nisichowahi kumuuliza: je, hakujua kwamba Mheshimiwa angetangazwa mshindi tu, popote yeye mama angesimama?

"Nani hakujua?" alisema. "Kura yangu hawakuihitaji, mwanangu. Walitaka kuniona nikivuka."

Nikasikia basi likipita chini ya dirisha lake. Nikamwambia ningependa kuyaandika haya. Chifu alikwisha kufa zamani, na kati yetu na uwanja ule kuna bahari nzima, lakini mama aliinuka, nikasikia akifunga mlango, na aliporudi sauti yake ilikuwa mnong'ono.

"Andika," alisema. "Lakini jina langu usiliweke."

Sijaliweka, mama.