Viberiti vya Wakwe

Stephano alijua kufuma, kupiga plasta, kutengeneza redio iliyokufa na kuimba besi kanisani. Lakini jina alilolipata kule Lusangi, juu milimani Uluguru, alilipata kwa kubeba choo cha watu. Ndiyo, choo. Mavi, kama hutaki kuzungukazunguka. Cheka kwanza umalize, ndipo tuendelee, maana mwenyewe alishazoea kuchekwa na hakumnunia mtu.

Alizaliwa Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda mlima, akasoma hadi kidato cha nne, akapata kazi kiwandani mjini. Ikaja miaka ile ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, kila mtu akawa huru kuuza na kununua, na kiwanda nacho kikapata mnunuzi. Huyo mnunuzi akaona mashine ni nyingi mno na watu ni wengi zaidi. Stephano akapunguzwa pamoja na wenzake, akakaa nyumbani miezi minne akitengeneza redio za majirani.

“Twende kwetu,” mkewe Winfrida akamwambia. “Kwetu hatukosi pa kulima.”

Ndivyo walivyopanda Lusangi mwaka tisini na sita. Sasa, kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Mwanamume akihamia kwa mkewe atapewa shamba, hatalala njaa, lakini atalima vya msimu: mahindi, maharage, magimbi. Mti wa kudumu hapandi. Mchungwa, mkahawa, hivyo ni vya wenye nchi, maana mtu akishapanda mti amesema hapa sibanduki. Stephano alilijua hilo tangu utotoni na wala hakunung’unika. Alilima maharage yake, akasikiliza redio yake jioni, akaona maisha yanakwenda.

Mama mkwe wake alikuwa Bi Eufrazia, mwanamke mrefu, mkali wa kazi, na kwa mambo ya heshima alikuwa hana mchezo hata kidogo. Mkwe hatazamwi usoni. Na mkwe huli naye sahani moja. Akikutana na Stephano njiani alijifunika kanga na kugeukia kichakani mpaka apite. Na akitaka kumwambia neno, alikiambia kinu chake kilichokaa uani.

“Kinu, mwambie huyo bwana ngedere wameingia kwenye mahindi yake.”

“Kinu, shikamoo,” Stephano alijibu kutoka upande wa pili wa ua. “Mwambie mama nimesikia, nakimbia sasa hivi.”

Wakaishi hivyo, na walipendana, usifikiri vinginevyo. Ila Stephano hakuwa na mama mkwe mmoja. Wanawake wote wa ukoo ule waliolingana na Bi Eufrazia walikuwa mama zake Winfrida, kwa hiyo wote walikuwa wakwe zake. Walikuwa kumi na wanne. Alikuwa akienda kisimani anakohoa kuanzia mbali ili wapate muda wa kujifunika.

Basi ukaja mradi wa minyoo. Aliyeuleta ni Daktari Magreth, mzaliwa wa Bukoba, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu, ambaye alikuwa akifanya utafiti wake mjini Morogoro. Alitaka kujua ni nani kijijini ana minyoo ya safura, ile inayoingilia nyayoni na kunyonya damu tumboni, na kama vyoo na dawa vingeipunguza. Akahitaji mtu anayejua kusoma na kuandika na anayezijua nyumba zote. Kijiji kizima kikamnyooshea kidole Stephano.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mtu anapewa kibiriti kitupu, kimebandikwa plasta yenye namba. Asubuhi anatia humo kiasi cha ncha ya kidole. Kufika saa mbili Stephano ameshapita nyumba zote, ametia viberiti kwenye begi la turubai, anashuka navyo mpaka barabara inapoishia, ambako Landrova ya mradi inamsubiri. Baada ya wiki tatu majibu yanarudi. Aliyekutwa na minyoo anapewa vidonge, na asiyekuwa nayo anapewa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa Stephano: Hana minyoo.

Mwaka wa kwanza hakuna kibiriti hata kimoja kilichokosekana. Daktari Magreth akamsifu mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakapiga makofi, na Stephano akavaa siku hiyo shati lake la mitumba lenye maua ambalo Winfrida alikuwa halipendi.

Kisha Daktari akagundua jambo. Akamwita pembeni, macho yanamng’aa.

“Stephano, kuna kitu hapa Lusangi. Watoto wana minyoo, wanaume wana minyoo, vijana wana minyoo. Lakini wanawake wazee wa upande wa juu hawana hata yai moja la minyoo! Kumi na wanne, wote safi. Wanakula nini hawa?”

“Mboga ya mchunga,” Stephano akasema, kwa kuwa ndilo lililomjia. “Wanapenda sana mchunga.”

“Ule mchungu?”

“Mchungu haswa.”

Ee bwana! Daktari akafunga mafungu ya mchunga kwenye gazeti, akaondoka nayo. Akasema jambo hilo litaandikwa, litasomwa mpaka Ulaya. Stephano akapanda mlima akipiga mluzi.

Lakini Bi Eufrazia alikuwa anakwisha. Kwanza alianza kupumzika mara moja kati ya kisima na nyumba, kisha mara tatu. Viganja vyake vikawa vyeupe. Uso ukamvimba asubuhi, miguu ikamvimba jioni, na Winfrida akamkuta nyuma ya jiko akila udongo. Akambembeleza waende zahanati kule chini. Mama akakataa katakata.

“Niende kutafuta nini? Karatasi ninayo.” Na kweli alikuwa nayo, ameichomeka kwenye paa pamoja na cheti cha ubatizo. “Mkwe wangu ameandika kwa mkono wake kwamba sina kitu. Mnataka nimfanye mkwe wangu mwongo?”

Stephano aliyasikia hayo, na usiku huohuo hakulala vizuri. Kesho yake, wakiwa wanapukuchua maharage, akamwambia mkewe, “Mama anaumwa kweli. Lakini ile hadubini ya Daktari haikosei, Winfrida. Itakuwa ugonjwa mwingine.”

Winfrida akaacha kupukuchua. Akamtazama mumewe kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati nje ndani.

“Stephano. Wewe ulidhani mama yangu angetia choo chake kwenye begi lako?”

“Si nilikipokea kibiriti?”

“Ulipokea kibiriti cha Yustina.”

Yustina alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Winfrida, anasoma shule ya bweni mjini, na siku zile za kukusanya viberiti alikuwa amekuja likizo. Kule shuleni walikuwa wametoka kupewa dawa ya minyoo wote, bwenini kote. Bibi yake alimwita akamwambia amsaidie, na kwa mawazo ya Bi Eufrazia hakukuwa na udanganyifu wowote. Mjukuu ni damu yake. Cha mtoto ni cha bibi.

“Na wale mama wengine?” Stephano akauliza, ingawa jibu lilikuwa limeshamfika kooni.

“Wote walimjia Yustina. Viberiti kumi na vinne! Mtoto wa watu alikula magimbi siku mbili ili itoshe.”

Mimi hapo ningecheka mpaka nidondoke. Stephano hakucheka. Aliona mwandiko wake mwenyewe ndio unaomzuia mama kwenda zahanati. Na aliona pia kwamba akisema ukweli, kazi ya mwaka mzima ya Daktari inaharibika, mchunga wa Ulaya unaharibika, na yeye anarudi kutengeneza redio. Akafikiri siku mbili nzima. Zile siku mbili simsamehei hata leo, na yeye mwenyewe hajajisamehe.

Siku ya tatu asubuhi akapita uani, akakohoa kama kawaida yake. “Kinu, shikamoo.”

Kinu kilikuwa kimelazwa chini, na mchi umeegeshwa ukutani. Mlangoni pa Bi Eufrazia palikuwa na kanga tu, na nyuma yake mtu anahema kama aliyetoka kukimbizwa.

Stephano hakurudi hata kuchukua viatu. Alishuka mlima mbio mpaka kwenye Landrova, akamkuta Daktari Magreth ametandaza makaratasi juu ya boneti.

“Daktari, shikamoo. Mchunga hauna dawa yoyote.”

“Marahaba. Unasema?”

“Wale kina mama ni wakwe zangu. Wote. Hawawezi kunipa choo mimi. Walichukua cha mwanafunzi mmoja wakagawana.”

Akamweleza kila kitu, magimbi na yote. Daktari Magreth akakusanya karatasi zake moja moja, akatembea mpaka ukingoni mwa barabara, akasimama akitazama bondeni. Dereva akajifanya anakagua tairi. Alipogeuka, uso ulikuwa umemkunjana, na Stephano hakujua kama ni hasira au nini.

“Mwaka mzima, Stephano!”

“Ndiyo, Daktari. Nifukuze ukitaka. Lakini mama mkwe wangu anakufa, na mimi nimempa karatasi kwamba ni mzima.”

Daktari akashusha pumzi. “Kwetu baba yangu hakuwahi kupita mlango mmoja na mama wa mama yangu,” akasema taratibu. “Nilijua. Nilikuja hapa nikachagua mtu wa kubeba, na sikuuliza amemwoa nani. Kosa ni langu.” Kisha akavunjika mbavu kwa kicheko, akashika boneti. “Kumi na vinne! Na mimi nimeshapika mchunga nyumbani kwangu wiki tatu!”

Alipomaliza kujifuta machozi akauliza nani basi angeweza kuvibeba. Stephano alikuwa na jibu tangu njiani.

“Mtani,” akasema.

Bi Mosi alikaa ng’ambo ya mto, na ukoo wake na ukoo wa Bi Eufrazia walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani hana haya na wewe, na wewe huna haya naye. Msibani Bi Mosi ndiye aliyeingia kaburini na kulala humo akikataa kutoka mpaka apewe kuku. Mtu wa namna hiyo utamficha nini? Walipomweleza kazi, aliomba jambo moja tu, kikapu chenye mfuniko.

Asubuhi ya siku hiyo Stephano alitumwa nyumba za bondeni, mbali kabisa. Bi Mosi akapanda upande wa juu, sauti yake imetangulia.

“Haya wezi wa choo cha mtoto! Leteni vyenu wenyewe! Kikinukia shule nakirudisha!”

Wazee wakamtukana, naye akawatukana, wakacheka mpaka wakakaa chini, na viberiti vikatoka. Bi Eufrazia akatoa chake. Namba ishirini na saba.

“Hiki kizito,” Bi Mosi akamwambia. “Umetia na udongo unaokula?”

“Nenda zako, mchawi,” Bi Eufrazia akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Daktari Magreth hakusubiri wiki tatu. Aliangalia mwenyewe jioni ileile, na kesho yake Landrova ikarudi. Kati ya wale kumi na wanne, kumi na wawili walikuwa na minyoo, na namba ishirini na saba ilikuwa na mingi kuliko wote. Stephano hakuonyeshwa jibu la mtu yeyote, ndivyo walivyokubaliana. Bi Mosi ndiye aliyepeleka vidonge vya minyoo, na vile vyekundu vya kuongeza damu, na kandambili za kuvaa shambani, akasimama juu ya kichwa cha kila mmoja mpaka ameze. Kuanzia hapo mradi ukawa na wabebaji wawili. Stephano akabaki na kazi yake na aibu yake, na jina la Bwana Mchunga, ambalo Daktari alimpa.

Wiki zikapita. Siku moja akiwa kitandani alfajiri akasikia mchi unagonga kinu. Taratibu, kwa mapumziko, lakini unagonga. Akamgusa Winfrida, wakalala wakisikiliza.

Masika yalipokaribia kuisha, Stephano alikuwa anapalilia maharage kando ya ua, Winfrida akaja na mkono mmoja nyuma.

“Mama amekuletea hiki.”

Kilikuwa kibiriti. Kina plasta, na juu ya plasta namba ishirini na saba. Stephano akarudi nyuma hatua mbili, jembe likamponyoka.

“Mwezi huu hatukusanyi! Mpelekee Bi Mosi!”

“Chukua, Stephano.”

“Sichukui! Heshima iko wapi?”

Winfrida alikuwa amejikunja kwa kicheko. Kutoka uani, sauti ya Bi Eufrazia ikasikika, imeshiba, kama ilivyokuwa zamani.

“Kinu, mwambie mkwe wangu afungue. Hakiumi.”

Akafungua kwa kidole kimoja, uso ameugeuzia pembeni. Ndani, juu ya pamba safi, kulikuwa na mbegu tisa za kahawa.

Winfrida akaacha kucheka. Stephano akazitazama mbegu zile, akaziona zinakuwa ukungu kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa.

“Kinu, shikamoo. Muulize mama, nizipande wapi?”

Mchi ukagonga mara mbili, ukatulia.

“Kinu, mwambie popote atakapo. Mtu akiwa kwake haulizi.”

Stephano akaokota jembe.