Ukuta wa Jirani, Mtaro wa Serikali

Katika wiki moja, kiwanja cha mama yangu kilimegwa pande mbili. Upande wa ziwa, jirani yetu muuza vitenge alijenga ukuta ukaingia kwetu hatua nzima. Upande wa barabara, wafanyakazi wa serikali walipaka alama nyekundu kwenye jiko letu zima: mtaro wa maji ya mvua ungepita hapo.

"Wote wanakula udongo wetu," mama aliniambia. "Tofauti iko wapi?"

Swali hilo halikunitoka kichwani. Karibu na kwetu, hapo Kalundu, anaishi mama mmoja aliyekuwa karani wa mahakama. Nilimkuta akipepeta mchele wa Luberizi.

"Jirani na mama yako wako sawa," alisema bila kuacha ungo. "Hiyo ni sheria ya watu binafsi. Wanaweza kupatana vile wanataka. Serikali inakuja na amri, kwa ajili ya watu wote. Hiyo ni sheria ya umma. Lakini nayo sheria inaifunga. Ikuonyeshe karatasi yenye uamuzi wake."

"Na serikali ikinunua viti kwa seremala?" niliuliza.

Alitabasamu. "Mara nyingine inakuwa mnunuzi kama weye. Mara nyingine hapana. Hata majuji wanabishana juu ya hiyo."

Jioni tulikwenda kwa jirani. Alitukaribisha chai, akakubali kwamba fundi wake alikosea. Yeye na mama walipatana ukuta ubaki, naye atufungulie njia ya kuteremkia ziwani kupitia kwake. Wakaandika, wakatia sahihi, yakaisha.

Kesho yake, katika ofisi ya serikali, mama alijaribu vilevile. "Mwanangu, uniachie jiko, mukate migomba yangu, mupitishe mtaro huko."

"Mama, mtaro si wangu," afisa alijibu kwa upole. "Siwezi kubadilishana na weye."

Mimi nikaomba kuona uamuzi ulioandikwa. Alinitazama kidogo, kisha akafungua faili. Ramani ilionyesha mtaro unagusa nusu ya jiko tu. Alikuja mwenyewe kupima, akafuta ile alama na kuchora mstari mpya.

Nusu hiyo ilibomolewa. Mama alilia, kisha akapika maharagwe katika nusu iliyobaki, akilalamikia moshi. Mimi nilirudi kwa karani kumuuliza: mtaro ukiziba na maji yakaingia kwetu, tutamshitaki nani?

Akanisogezea kiti. "Kaa chini," alisema. "Hiyo ni ndefu."