Bwana, Suka!

Enzi zetu hakuna aliyehitaji kutangaziwa kwamba makambi yamefika. Uliangalia tu vichwa vya akina mama. Ukiona godoro, juu ya godoro sufuria, na ndani ya sufuria kuku aliyefungwa miguu, ujue Waadventista wa Ndhiwa wanaelekea bonde la Lambwe, kukaa hemani juma zima na kulisikiliza Neno. Tulikwenda kwa miguu tukiimba sauti nne, na hadi leo nikiukumbuka msafara ule moyo hunidunda utadhani kesho ndio nafunga mzigo!

Watoto wa siku hizi hushushwa na gari mlangoni mwa hema, na swali lao la kwanza ni pa kuchajia simu. Sisi tulikuta nyasi, tukazifyeka, tukashona magunia yakawa nyumba. Mbung'o wa Lambwe walituuma bila kubagua aliyebatizwa na asiyebatizwa. Asubuhi uji wa mtama, mchana nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakaelewana. Na Ijumaa jua likianza kuinama, loo! Kila mama alikimbizana na Sabato ili isimkute bado anapika. Vumbi, moshi, harufu ya omena, dagaa wetu wa ziwani, na sauti ya mama wa mtu ikiuliza, "Wewe, masikio umeosha?" Nani alikuwa na raha kutushinda?

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, walialikwa ndugu zetu Wakuria kutoka pande za Kegonga. Wao hawakujua Kijaluo, sisi hatukujua Kikuria, basi Kiswahili kikapanda cheo ghafla. Mzee wa kanisa akanichagua mimi, Atieno, nitoe sala ya kufungua Sabato mbele ya watu wote, kwa kuwa mwalimu alinisifu kwamba Kiswahili changu kimenyooka. Kilinyooka kweli, na shingo yangu nayo ikanyooka. Sala nikaikariri njia nzima, na kila mwenzangu aliyefungua mdomo nilimsahihisha.

Hofu yangu ilikuwa moja tu: mama. Mama aliuza viazi vitamu sokoni Ndhiwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia viazi. Kama Wajaluo wengi wa rika lake, "sh" haikukaa mdomoni mwake. Shamba lilikuwa samba, na shida ilikuwa sida. Tena alikuwa haoni haya kuomba kwa sauti popote. Siku moja kanjo, askari wa baraza, alikuja kuwafukuza akina mama sokoni. Mama akamshika mkono akamwombea yeye na watoto wake, hadi kanjo akavua kofia. Watu walimheshimu kwa hilo. Mimi nilikuwa naona aibu.

Basi Ijumaa ile, akinisuka nywele nje ya hema, nikamwambia kwa Kijaluo chetu cha nyumbani, "Mama, tafadhali, leo usiombe kwa Kiswahili. Wageni watatucheka."

Vidole vyake vilisimama kidogo kichwani mwangu, kisha vikaendelea.

"Sawa, nyathina," alisema. Ndivyo alivyoniita, mwanangu. "Nitanyamaza. Lakini nitakaa benchi la mbele."

Saa ilipofika nikasimama. Macho yakafumbwa, watoto wakatulizwa. "Ee Mungu wetu..." nikaanza, na sala yote ikatoroka. Sikubakiwa hata na neno moja! Mtu akakohoa. Mwingine akakohoa. Machozi yakaanza kunitoka, ndipo nikahisi mkono begani, mkono wenye harufu ya mafuta ya nywele.

"Baba," mama alisema kwa sauti, "sisi watoto yako iko hapa. Mjaluo iko, Mkuria iko. Sisi naita wewe. Suka, Bwana! Suka sasa hivi!"

Alitaka kusema shuka. Kicheko kikalipuka, vijana wa Kegonga wakashika mbavu. Mama akafumbua jicho moja, akaniuliza kwa Kijaluo amekosea wapi. Nikamnong'oneza kwamba amemwomba Mungu asuke nywele.

Yawa! Alicheka yeye kuliko wote. Kisha akainua mikono tena.

"Haya Baba, umesikia. Suka pia! Sisi ni kama nywele natimka, huyu huku, huyu kule. Suka sisi pamoja, Mjaluo na Mkuria, hapana acha hata unywele moja nje."

Amina ya kwanza ilitoka upande wa Wakuria, nayo ilitikisa magunia. Nilifurahi mpaka nikasahau kulia!

Tuliporudi hemani, mama alinikalisha chini. "Nisamehe, Atieno. Nilikuahidi, nikavunja ahadi." Yeye aliyeniokoa ndiye aliyeomba msamaha, tena kwa mtoto wa darasa la sita. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu unyenyekevu, lakini hakuna lililonifikia kama lile.

Sasa mama amelala Ndhiwa, kando ya shamba lake la viazi. Makambi yana vipaza sauti na viti vya plastiki, na magoti yangu yanashukuru. Vijana wetu wanasoma sala kwenye simu. Chaji ikipungua, amina huja mapema. Wanaomba vizuri, sikatai, wala hawakosei hata herufi moja. Lakini ni siku nyingi sijasikia kanisa likicheka katikati ya sala, kisha likaitikia amina ile ya kutikisa magunia, na ninaikosa sana.

Juzi nilikuwa namsuka binti yangu. Mwaka huu amechaguliwa yeye kufungua Sabato.

"Mathe, plizi," akaniambia, "usianze zile suka-suka zako. Tutakuwa laivu mtandaoni."

Vidole vyangu vikasimama kidogo kichwani mwake.

"Sawa, nyathina," nikamjibu. "Nitanyamaza. Lakini nitakaa benchi la mbele."