Bunduki Aliyoijua Kitako Tu

Walenty Kurpias wa Radom alikuwa fundi wa vitako vya bunduki. Miaka ya mwisho kabla ya vita alichonga vya bunduki mpya ya askari wa miguu, ile ya kujijaza yenyewe kila ikifyatuliwa, ambayo Poland nzima hazikufika mia mbili. Ilikuwa ya majaribio, na siri yake usiseme! Aliyechonga mbao hakuonyeshwa chuma, aliyefua chuma hakuonyeshwa mbao. Mkewe Bronka akimuuliza ameshinda akifanya nini, hujibiwa, "Miguu ya viti."

"Basi nchi hii itakaa sana," Bronka humtania.

Wakubwa wakajaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena, hadi vita vikawakuta wangali wanarekebisha. Septemba ya 1939, Wajerumani walipoukaribia mji, mkuu wa karakana, yuleyule aliyewaapisha watu wafunge midomo, alivunja makasha ya bunduki hizo getini akawagawia askari waliokuwa wakirudi nyuma. Kati yao alikuwemo Zenek, mwana pekee wa Walenty, mikono mitupu, buti moja limepasuka.

Zenek akapewa moja. Akaigeuza huku na huku, kisha akamwona babake kati ya mafundi pale getini, akashusha pumzi.

"Afadhali wewe, tata. Hii inajazwaje?"

Walenty akaipokea. Kitako alikitambua, ni kazi ya mikono yake. Lakini kule kwenye chuma kulikuwa na vijiti na vitufe asivyowahi kuviona. Akabonyeza hiki, akavuta kile, wapi! Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata hii ilijua mpini tu. Aliona aibu, halafu hofu ikaifukuza aibu.

"Sijui, mwanangu."

"Acha utani bwana. Miaka yote hiyo?"

"Walinipa mbao tu. Muulize mkuu."

Mkuu alikwisha panda lori, kaondoka. Sajini akapiga kelele wasogee. Zenek akajaza risasi mfukoni, akaitundika bunduki begani.

"Nitajifunza njiani," akasema. "Kitako kizuri lakini, tata."

Walenty alitaka kumshika mkono, akachelewa.

Jioni milio ikaanza upande wa barabara ya Iłża, waliyoishika akina Zenek. Mume na mke walisimama uani, Bronka, aliyekwisha ambiwa Zenek kapewa bunduki gani, kajifunga shali, anatega sikio.

"Wewe ndiye unayezijua bunduki hizo," akasema. "Ya Zenek ni ipi?"

Walenty akasikiliza kwa nguvu zake zote. Hakuwahi kuisikia ikilia hata mara moja.