Fundi Magodoro na Nyumba Tupu ya Mtoni

Kabla magodoro ya sponji hayajaanza kuletwa na lori yakiwa yamebanwa ndani ya nailoni, godoro lilikuwa kazi ya mtu. Ulimwita fundi, akaja na fimbo yake na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Alilifumua godoro lako uani, akaichapa pamba iliyoganda mpaka ikafufuka, akaianika, akajaza, akashona. Hapo kazi ilikuwa bado haijaisha. Usiku wa kwanza fundi mwenyewe ndiye aliyelilalia, ndani ya nyumba yako, na asubuhi ulimuuliza mbavu zinasemaje. Akisema zinauma, analifumua upya. Leo ukimweleza kijana desturi hiyo anacheka. Anadhani fundi alikuwa hana pa kulala.

Fundi wetu alikuwa na pa kulala. Nyumba yake ilikuwa mtoni, ukishavuka daraja, bati limepakwa rangi nyekundu na mlango aliutengeneza mwenyewe. Yeye na mkewe walizalia watoto wao wote humo. Lakini kazi ilimlaza kila mahali wilayani: mlimani kwa Wazungu wachache waliobaki mashamba makubwa yalipokufa, madukani kwa Wahindi, stesheni, ambako reli ilikusanya damu za kila namna na kuziacha hapo ilipofungwa, na hapo hapo mtoni kwa Waafrika, ndio wengi. Sisi tulisema wa mlimani, wa madukani, wa stesheni, wa mtoni, basi. Kuhusu fundi hakuna aliyejua aseme nini. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyotiwa maziwa na mtu asiye na uhakika, na baba wa babu yake kila aliyemtaja alimtaja kivyake.

Ndipo ikaja Ofisi ya Mgawanyo wa Wakazi. Wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba jamii za wilaya zitachanganywa, ila kwanza watu wahesabiwe kwa jamii, kila mtu pale alipolala, usiku mmoja kila upande, maana makarani hawakutosha. Watu hawakuogopa kuhesabiwa. Waliogopa karani ataona godoro. Karani ataingia mpaka chumbani, aone bonde katikati ya kitanda, akasimulie wilaya nzima! Fundi akaitwa kila upande kwa wakati mmoja, na kila aliyemwita alitaka kazi iishe usiku ule ule wa karani. Mkewe alikuwa kwa binti yao aliyejifungua, kwa hiyo hakuwapo wa kumzuia.

Usiku wa mlimani karani alimkuta amejinyoosha kwenye kitanda kikubwa cha bibi mjane, na bibi mwenyewe amekaa kwenye kiti na taa.

"Huyu ni nani?" karani akauliza.

"Amelala kwenye kitanda cha marehemu mume wangu," bibi akajibu kwa hasira. "Wewe unafikiri ni nani? Mwizi?"

Karani akamwandika Mzungu. Madukani, mwenye duka la vitambaa alisema, "Huyu wa hapa hapa, anakula tunachokula," na fundi akawa Mhindi. Stesheni hawakuuliza hata. Wa stesheni wote waliandikwa mchanganyiko, pamoja na mbuzi mmoja aliyekuwa ndani. Usiku wa mwisho, mtoni, alikuwa kwa mama muuza mkaa, mlango wa tatu kutoka kwake. Angeweza kwenda kulala kwake, lakini godoro lilikuwa jipya na desturi ni desturi. Akaandikwa Mwafrika, kaka wa mwenye nyumba. Nyumba yake yenye bati jekundu ilibishwa hodi, ikakaa kimya, ikachorwa chaki mlangoni: TUPU.

Mkewe aliporudi aliiona chaki kabla hajamwona mume.

"Baba watoto, nani ameandika nyumba yangu kama gunia?"

"Ni ya karani. Itafutika."

"Itafutika na nini, na mvua? Na hii kufuli si yetu."

Kweli, kufuli haikuwa yao. Vyombo vyao walivichungulia dirishani: sufuria, kabati, kitanda. Wakaenda ofisini.

Ukutani kwa afisa kulikuwa na ramani ya wilaya iliyojaa vidoa: vyeupe mlimani, vya manjano madukani, vya kahawia mtoni, na stesheni vya kijivu, rangi ambayo mtu hapewi isipokuwa wapaka rangi wamechoka. Afisa alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya.

"Mzee wangu, hapa unaonekana mara nne," alisema. "Hongera."

"Sitaki nne, mwanangu. Nataka mmoja, akae nyumbani kwake."

"Hapo ndipo kwenye shida. Mmoja hayupo. Usiku wa hesabu nyumba ile haikuwa na mtu."

"Nilikuwa mlango wa tatu!"

"Ndiyo. Mlango wa tatu upo na mtu wake. Sasa, nyumba tupu zinagawiwa. Na nyumba tupu ya mtoni haiwezi kupewa mtu wa mtoni. Tutakuwa tumechanganya nini?"

Mkewe akauliza, "Na mimi nimeandikwa wapi?"

"Kwa binti yako, mama. Unaonekana vizuri sana kule."

"Basi futa hao watatu," fundi akasema, "ubaki na wa mtoni, halafu tuanze upya."

Afisa akashusha sauti. Kufuta mtu, alisema, kunahitaji ridhaa ya jamii yake. Akaitisha kikao hapo hapo ofisini.

Hapo ndipo fundi alipojua anavyopendwa. Miaka yote amelala nyumba za watu, hakuna aliyemwalika kwenye harusi. Siku ile walikuja na mwavuli na viti vyao kumgombania, kwa sababu ofisi ilikuwa imetangaza kwamba jamii isiyofikia kiwango itafutwa na watu wake kuunganishwa na jirani.

"Akiondolewa yeye hatufiki," bibi wa mlimani alilia. "Mimi na dada zangu tutakuwa Wahindi kuanzia Jumatatu!"

"Na sisi nani amesema tunawataka?" mwenye duka akamrukia. "Fundi ni ndugu yangu wa damu."

"Wa damu tangu lini?" mkewe fundi akamdaka. "Juzi ulimpa chai kwenye kopo la rangi!"

"Shemeji, lile kopo lilikuwa limeoshwa."

Wa stesheni walisema wao hawana neno, ila wakimkosa fundi watahesabiwa upya, na safari hii mbuzi hayupo, alishaliwa. Mama muuza mkaa aliapa kwa jina la mama yao mmoja, mama ambaye fundi hajawahi kumwona. Fundi alikaa katikati, kofia magotini, akiangaliwa kila upande kama kitambaa kinachopimwa.

Mkewe akasimama. "Sawa. Yeye ni wenu wote, nimekubali. Mimi sidai mume, nadai mlango. Nani atanipa mlango wangu?"

Enzi zetu mtu akidai mlango wake kijiji kizima kingeondoka pamoja naye, kwenda kuvunja kufuli. Hawa walitazama ramani.

Afisa ndiye aliyepata dawa, na alifurahi mpaka akasimama. Sheria inataka nyumba tupu ya mtoni ipewe mtu wa jamii nyingine. Mlimani kuna Mzungu mwanamume ambaye hana nyumba, analala kwa mjane. Huyo apewe! Atabaki kwenye hesabu ya mlimani, kidoa chake hakitaguswa, ila atalala mtoni, kama mfano wa kuchanganyika. Wote wakapiga makofi. Bibi wa mlimani alimpa fundi mkono na kumtakia maisha mema ugenini.

"Na mke wangu?" fundi akauliza.

Afisa akakuna kichwa. Mzungu wa mlimani hakuwa na mke kwenye hesabu. "Tunaweza kumweka mama kama mtumishi wa ndani. Ni karatasi tu."

Nilikuwapo. Nilimwona fundi akiukunja mkono kana kwamba ameshika fimbo ya kuchapia pamba. Angekataa, nina hakika. Lakini mkewe alimtangulia.

"Mwambie anipe ufunguo, bwana mkubwa," alimwambia mumewe. "Leo utakula saa ngapi?"

Alicheka yeye peke yake. Fundi alitia sahihi jina ambalo hakulijua.

Wakarudi kwao. Majirani waliozoea kuingia wakiwa wanaongea tangu njiani sasa walisimama nje na kupiga hodi ndefu. Wengine kwa mzaha, na wachache, aibu yao, kwa kweli. Fundi hakukaa tena barazani. Mtu aliyelala vitanda vya wilaya nzima bila kuona haya alianza kuona haya kwenye kitanda chake, na mkewe alimsikia usiku akijigeuza taratibu, asije akachafua cha watu.

Kisha afisa akaja na mpiga picha kukagua mfano wake. Alimkuta mwanamke anafagia, fundi yuko ndani, hataki kutoka.

"Mama, vipi huyu Mzungu wetu? Mnaelewana naye hapa mtoni?"

Mkewe fundi aliegemea ufagio, akafikiri kama mtu anayepima uzito wa jambo.

"Anajitahidi," alisema. "Bado ni mwoga. Lakini Kiswahili chake kimeanza kunyooka."

Afisa akamshukuru, na mpiga picha akaupiga picha mlango.