Baba Yake ni Kemunto

Hadi leo nikifungua kalamu ile nene ya kuandikia mabango, wino wake mkali ukanipanda puani, nakuwa tena mtoto wa darasa la tano. Nimekaa sebuleni kwa Mwalimu Ogeto, kule juu ya Kenyenya, mkononi nina kikombe cha chai ya maziwa na miguuni nimevaa viatu vya kanisani vilivyokwisha kuanza kunibana. Harufu ya wino ilichanganyika na ya ndizi mbivu zilizojaa kwenye sinia, na moshi wa kuni za mkaratusi uliotoka jikoni kila mlango ulipofunguliwa. Ilikuwa likizo ndefu ya Desemba. Kila Jumapili alasiri, maana Jumamosi ni Sabato na hakuna mtu wetu ambaye angethubutu kuigusa, kikundi cha historia ya ukoo wetu kilikutana hapo. Watoto wengine walilalamika kwamba wanakosa kucheza. Mimi sikulalamika hata kidogo. Nilipenda mikutano kuliko michezo, na bado ndivyo nilivyo.

Mwalimu Ogeto alikuwa amestaafu kufundisha lakini hakuwa amestaafu kusahihisha watu. Alianzisha kikundi baada ya kijana wetu mmoja kuleta mchumba nyumbani, mipango ikaenda mbio, hadi bibi mmoja alipomuuliza yule msichana kwao ni wapi na ikagundulika kwamba wawili wale ni damu moja. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, kwa hiyo kilio kilikuwa kikubwa pande zote mbili. Mwalimu akaapa kwamba jambo hilo halitarudiwa. Akanunua karatasi za manila, akazigundisha pamoja mpaka zikafunika ukuta mzima wa sebule, zikaficha kalenda na picha za mahafali. Juu kabisa aliandika jina la mwanzilishi wa ukoo, na kutoka hapo mistari ikashuka na kutawanyika. Wanaume walikaa ndani ya visanduku. Wanawake waliandikwa pembeni kwa herufi ndogo, kila mmoja kando ya mumewe. Kazi ikiisha, karatasi ingepelekwa mjini Kisii ikachapwe kwenye turubai kubwa la kutundikwa siku ya mkutano wa ukoo. Kitu kikishachapwa, alisema Mwalimu, hakibishaniwi tena. Alilisema hilo kwa furaha, ila wazee kadhaa walilisikia kwa wasiwasi.

Mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili. Sababu kubwa ilikuwa mume wa shangazi yangu Bochaberi, mtu wa upande wa ziwani aliyeuza vipuri vya magari mjini, ambaye hakukosa mkutano hata mmoja ingawa ukoo haukuwa wake. Wengine walisema anafuata ndizi. Pia kulikuwa na watoto wa Nairobi waliojua Kikisii cha kusalimia tu. Sisi wa nyumbani Kiswahili chetu kilikuwa cha shuleni na cha soko la Daraja Mbili, na kilikuwa na mashimo. Shimo ambalo kila mtoto wa Kisii ametumbukia ni neno baba. Kwa lugha yetu, baba ni mama. Yule ambaye Waswahili wanamwita baba, sisi tunamwita tata. Nikiwa darasa la kwanza niliandika kwamba baba ananyonyesha mtoto, na mwalimu wetu akaisoma sentensi hiyo mbele ya darasa huku akijifuta machozi kwa kucheka. Tangu siku hiyo nilijichunga sana na neno hilo.

Likizo ile Mwalimu aliwapa watoto kazi. Kila mmoja wetu angesimama mbele ya watu ataje mstari wake, kutoka kwake mwenyewe hadi pale anapokutana na jina lililokwisha kuandikwa ukutani, naye Mwalimu angejaza kisanduku kinachokosekana. Nilikuwa nikikaa kwa babu yangu Makori, baba yake baba yangu. Wazazi wangu walikuwa Kiogoro, baba akienda kazini mjini kila asubuhi, na likizo zote mimi nilipelekwa kwa babu nikale vizuri na kuchuma chai. Tulikuwa shambani, yeye kwenye mstari wake wa michai na mimi kwenye wangu, nilipomuuliza kwa Kiswahili safi, ili nifanye mazoezi, baba yake alikuwa nani. Babu hakuacha kuchuma. Alinijibu kwa Kiswahili vilevile, akasema, "Baba ni Kemunto."

Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu Kemunto ni mimi. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa familia aliyekwisha kufariki, na nilijua tangu zamani kwamba jina langu lina mwenyewe, ila sikuwa nimeambiwa mwenyewe huyo ni nani. Sasa nikajua kwamba nimepewa jina la mtu wa juu kabisa, anayekaa ndani ya kisanduku. Haikunipitia akilini kwamba Kemunto ni jina la kike. Wiki nzima nilitembea shingo ikiwa juu.

Jumapili ilipofika nilisimama, nikanyoosha gauni, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Mimi ni Kemunto. Baba yangu ni Momanyi. Baba yake ni Makori. Baba yake ni Kemunto." Sebule ililipuka kwa kicheko. Hata mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka akacheka bila kujua sababu. Mume wa shangazi aliangalia huku na huku akaomba aelezwe, naye shangazi akamweleza, akacheka peke yake baada ya wengine kumaliza. Mwalimu Ogeto alinigeukia kwa upole wa mtu aliyesahihisha kosa hilo maisha yake yote.

"Hapo mwisho umerudi kwa Kikisii, mama. Kwa Kiswahili huyo ni mama yake. Sasa tuambie, baba yake ni nani?"

Niliinamia viatu vyangu. Masikio yalikuwa yanawaka. Mwalimu hakutaka kunitesa, akasema jibu analo, na akaweka kalamu kwenye kisanduku cha Onchiri. Onchiri alikuwa shemeji yake Kemunto, na pia alikuwa babu yake Mwalimu mwenyewe. Mume wa Kemunto, alieleza, alikufa bila mtoto wa kiume, kwa hiyo mstari wake umefungwa. Makori alizaliwa baadaye katika boma hilohilo, na njia nzuri ni kumwandika chini ya Onchiri kama mwanawe. Akaanza kuchora mstari. Nilimwona Kemunto akipotea mbele ya macho yangu. Hakuwa na kisanduku, na sasa hata ile nafasi ya pembeni ya herufi ndogo ilikuwa imefungwa pamoja na mumewe. Nilikuwa nimepewa jina la mtu ambaye turubai halingemjua, na nikaanza kulia.

Babu aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikutano mingi alikuwa hasemi kitu. "Mwalimu, ngoja kwanza," alisema. "Huyu mtoto hajakosea. Aliniuliza kwa Kiswahili na mimi nikamjibu kwa Kiswahili."

Mwalimu alisema labda babu hakuelewa swali. Babu akasema alilielewa sana, kisha akauliza swali lake mwenyewe, akiwaangalia wazee mmoja baada ya mwingine. "Nani alitoa ng'ombe za kumwoa mama yangu?"

Wazee wote walijua, na mimi na watoto wenzangu tukaambiwa pale pale. Kemunto alibaki mjane na binti tu. Binti huyo alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake wakaja kwa Kemunto, naye badala ya kukaa akisubiri nyumba yake ifungwe, akaenda na ng'ombe hao akamposa msichana aitwaye Nyaboke. Ilikuwa mila yetu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Nyaboke alimzaa babu. Nani alikuwa akipita pale usiku si jambo lililoulizwa, maana mtoto kwetu hufuata ng'ombe. Kemunto ndiye aliyempa babu shamba, ndiye aliyempeleka shule, na ndiye aliyetoa mahari ya bibi yangu.

"Mzee, mimi nilitaka tu kukuweka kwetu," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Usibaki juu pale bila mtu."

"Mimi sijawahi kubaki bila mtu," babu alijibu. "Kwa Kikisii Kemunto alikuwa baba, na kwa Kiswahili alikuwa baba. Andika hivyo."

Mabishano yalichukua alasiri yote na chai ikachemshwa upya. Mmoja alisema wajukuu watachanganyikiwa, mwingine akasema mila hiyo imepitwa na wakati na itatuaibisha kanisani. Shangazi Bochaberi alisema kinachoaibisha ni kumfuta mtu aliyetupa shamba tunalolikalia. Mume wake, ambaye hakuwa na kura, alisema kwamba kwao pia mtu huitwa kwa aliyemlea, kisha akaomba ndizi nyingine. Hatimaye Mwalimu aliufuta ule mstari wa Onchiri kwa karatasi nyeupe na gundi. Akachora kisanduku kipya, taratibu, kwa rula, akaandika ndani yake KEMUNTO kwa herufi kubwa, na pembeni, kwa herufi ndogo, Nyaboke. Babu alimshukuru, akanyanyua kikombe chake, akanywa chai ambayo ilikuwa imepoa.

Turubai lile lilichapwa hivyo. Babu alipigwa picha mbele yake akiwa amevaa koti lake la Sabato, akasimama kiasi kwamba kisanduku cha Kemunto kinaonekana juu ya bega lake. Sasa amelala kando ya shamba la chai, na picha hiyo iko kwangu. Kikundi bado kipo, na katibu wake ni mimi. Tunakutana mara moja tu kwa mwaka. Siku nyingine tunaongea kwenye simu, ambako salamu za asubuhi ni nyingi kuliko historia. Mti wa ukoo uko kwenye kompyuta. Programu tunayoitumia iligoma kabisa kumpokea mwanamke penye nafasi ya baba, ikaniandikia kwa herufi nyekundu kwamba nimekosea. Nilikuwa nimekwisha kuchekwa kwa jambo hilohilo na watu wazima sebule nzima, kwa hiyo kompyuta haikunitisha. Nilitafuta njia ya kuizunguka na nikaipata. Sijivuni kwa mambo mengi, lakini kwa hilo najivuna.

Binti yangu anaitwa Nyaboke. Kwa mila yeye ni wa ukoo wa mume wangu, ila siku hizi tunawaruhusu watoto wa mabinti nao wasimame wataje mstari. Desemba iliyopita ilikuwa zamu yake. Alisimama katika sebule ileile, akanyoosha gauni bila kufundishwa, akataja: mama yangu ni Kemunto, baba yake ni Momanyi, baba yake ni Makori, baba yake ni Kemunto. Kijana mmoja aliyekuja mara ya kwanza kutoka Nairobi aliangua kicheko. Akamwambia kwa upole, "Unamaanisha mama yake." Binti yangu alinigeukia, nami nikafungua mdomo nimtetee. Sikuwahi. Kutoka kwenye kiti cha pembeni, akiwa amefumba macho na mikono yake juu ya fimbo, Mwalimu Ogeto alinitangulia.

"Mwache," alisema. "Amesema sawa."