Mama Nawa

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga tulimwita Mama Nawa, maana neno lake la kwanza kila asubuhi lilikuwa hilo. Hakumbagua mtu. Hata daktari bingwa aliyeingia mbio na saa mkononi alisimamishwa mlangoni: "Dokta, nawa." Akacheka, akanawa. Daktari ndiye aliyeamua dawa na hewa, lakini wa kushinda na mtoto, kumlisha kwa mrija na kumgeuza kama yai, alikuwa Mama Nawa.

Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya siku zake, akaanzia kwenye mashine ya kupumulia, kisha akahamishiwa kwenye sanduku la joto. Binti yangu alikuwa bado hawezi kukaa kwa kidonda cha upasuaji. Daktari akasema sasa mtoto atolewe sandukuni, alazwe kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi. Asipohimili, atarudishwa kwenye mashine ya kupumulia.

"Bibi, fungua vifungo," Mama Nawa akaniambia.

Baba wa binti yangu akadakia kutoka mlangoni. Ndiye huyo aliyenifukuza zamani, mtoto wetu wa pili alipozaliwa njiti akanifia mikononi.

"Sista, si huyo! Ana mkosi na watoto wachanga. Nimemleta mke wangu, yuko nje."

"Mkosi hatuupimi hapa, mzee, tunapima joto. Umenawa?"

"Mimi ni babu yake!"

"Babu na vijidudu vyake. Sinki ile pale."

Akanilazia mtoto kifuani. Alikuwa mwepesi kama kifaranga. Hatujakaa sawa, mashine ya kupima pumzi ikalia. Midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Nikataka kumrudisha, Mama Nawa akanishika bega.

"Amesahau kupumua. Hawa husahau. Msugue unyayo, Bibi. Usimbembeleze, mwamshe!"

Nikasugua. Hakushtuka. Nikasugua tena kwa nguvu. "Amka wewe, usinitie aibu mbele ya babu yako!"

Akakunja mguu, akavuta pumzi. Mashine ikanyamaza. Daktari, aliyekwisha kushika mpira wa kumpulizia hewa, akauweka chini. "Abaki hapo hapo."

Babu alikuwa bado kwenye sinki, povu hadi viwikoni. "Na mimi nimshike kidogo?"

"Zamu ni ya bibi yake," Mama Nawa akasema. "Wewe suuza."

Sijamsamehe, wala sina haraka. Mtoto nilimbeba hivyo kila mchana mpaka mama yake alipoweza kukaa, na kwenye mashine ya kupumulia hakurudi.